Tambi za Kuosha

Rehema amezikwa Ulyankulu kwa jina ambalo sikuwahi kumwita. Kwenye msalaba wa mbao wameandika Imakulata, jina alilobatizwa utotoni, na mimi nilisimama mbele ya lile tuta la udongo nikilisoma mara mbili tatu, nikihisi nimekuja kwenye kaburi la mtu mwingine. Nilifika siku moja baada ya mazishi. Simu nilipigiwa mapema, wala usafiri haukuwa shida. Nilichelewa kwa sababu nilikaa siku nzima chumbani kwangu Cheyo nikitafuta sababu ya kutokwenda, na sikuipata. Binti yake, Devota, mrefu na mwenye mabega ya mama yake, alinipokea mkoba mlangoni. "Shikamoo mama," akasema. Nikaitikia marahaba, nikampa pole. "Tumeshapoa," akasema, kisha akanitazama usoni. "Wewe ndiye wifi Asia wa Tabora?" Nilishtuka. Rehema alikuwa wifi yangu kwa miaka miwili tu, tena zamani, kabla huyu binti hajazaliwa. Nikamwambia ndiye mimi. Akasema nikae kwanza nipumzike, kuna jambo mama yake aliagiza, atanieleza wageni wakipungua. Nikakaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, miongoni mwa akina mama waliokuwa wakizungumza Kirundi kwa sauti ya chini, na kwa kuwa sikuwa na wa kuzungumza naye, niliurudia ule mwaka ambao kwa muda mrefu nimejitahidi kutoukumbuka.

Kaka yangu Kassimu alikuwa mpishi kwenye kambi ya Wakorea waliokuja kutengeneza barabara upande wa Usinge. Alianza kwa kuchanja kuni na kusugua masufuria, lakini mzee mmoja wa Kikorea aliyesimamia jiko alimwona ana mkono, akamfundisha. Kila alipopata likizo ya siku mbili tatu alikuja nyumbani kwetu Gongoni, Tabora mjini, na kitu cha kwanza kutoka kwenye begi lake kilikuwa kopo jekundu la plastiki, la mraba, lenye maandishi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuyasoma. Ndani mlikuwa na rojo nzito ya pilipili, nyekundu ya kung'aa, iliyochachushwa na soya na mchele. Siku ya kwanza Mama alilinusa lile kopo akalisogeza mbali. "Hamna nguruwe humu?" "Hamna, Mama." "Na ulevi?" "Mama, ni pilipili hiyo." "Mbona inanuka kama kitu kilichosahauliwa?" Kaka alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa na kicheko cha kuudhi, kirefu kuliko kichekesho chenyewe, na ningetoa chochote nikisikie leo.

Alichotupikia kila alipokuja kilikuwa tambi baridi. Nyumbani kwetu tambi ni chakula cha Idd na cha futari: unazivunjavunja, unazikaanga kwenye mafuta mpaka ziwe kahawia, unaweka sukari na iliki na tui. Kaka alizichemsha nzima bila kuzivunja, kisha akalibeba sufuria mpaka bombani uani, akazimwaga kwenye chujio na kuanza kuzifikicha kwa viganja viwili kama mtu anayefua soksi za mtoto, akibadilisha maji mara nne, mara tano, mpaka utelezi wote utoke. Mama hakuweza kuvumilia. Alikuwa akitoka jikoni na upawa mkononi na kusema toka azaliwe hajaona mtu anaosha chakula kilichoiva. Kaka aliendelea kuosha. Kisha alichanganya rojo ile na siki, tango lililokatwa nyembamba, ufuta uliokaangwa, na utamu alioumimina kutoka kwenye kichupa kidogo alichokiweka mfukoni ili kunitania, kwa sababu nilitaka kujua ni nini. Juu aliweka yai la kuchemsha na vipande vya barafu kutoka kwa jirani mwenye friji. Alichanganya kwa mkono, akakunja tonge moja la tambi, akaniita: "Asia, njoo unionjee." Hiyo ilikuwa kazi yangu tangu nikiwa mdogo. Alipokuwa anajifunza kupika wali, mimi ndiye niliyeonja, na nikisema bado, alirudisha sufuria motoni bila ubishi. Alipomwoa Rehema, tonge la kwanza likaenda kwa Rehema. Hakuna aliyeniambia kwamba mambo yamebadilika. Nilinyoosha shingo siku hiyo kama kawaida na mkono ukapita mbele yangu. Wote wawili walicheka, na mimi pia nikacheka, kisha nikaenda chooni nikalia. Nilikuwa na miaka kumi na saba na ningeaibika kumweleza mtu kwamba nalia kwa sababu ya tambi.

Kassimu alikufa kwa ajali ya pikipiki akirudi nyumbani, kwenye changarawe ya barabara ileile waliyokuwa wakiitengeneza. Ulikuwa mwezi wa sita, Tabora ina baridi ya asubuhi. Nilikuwa nimetimiza miaka kumi na tisa, nimefeli kidato cha nne, nasubiri kurudia mtihani na sifungui daftari. Wenzake wa kambini walileta begi lake. Mama alitoa mashati, viatu, wembe, vyote vikagawiwa kama inavyotakiwa. Lile kopo hakuna aliyelitaka. Lilikuwa limebaki nusu. Rehema alilichukua akaliweka chini ya kitanda.

Rehema alianza kukaa eda katika chumba chao kilekile, dirisha likitazama uani. Miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, bila mafuta ya kunukia, bila kutoka nje ya nyumba. Mimi nilitolewa chumbani kwangu nikawekwa naye ili asilale peke yake. Kwao ni Wakatoliki wa Ulyankulu, watu waliotoka Burundi na kulima pale miaka na miaka. Alisilimu alipoolewa, ndipo akaitwa Rehema, na hakuna eda aliyokuwa ameiona kwa macho kabla ya hiyo yake. Mambo mengi alinifuata mimi. Aliniuliza kama anaruhusiwa kufungua dirisha, kama anaruhusiwa kujitazama kwenye kioo. Nilimjibu kwa ukali usiohitajika, kama mwalimu, ilhali nusu ya majibu nilikuwa nabuni. Nilikuwa na hasira naye kwa sababu alilia kimya. Mimi nililia uani mbele za watu na kila mtu akanibembeleza, halafu nikiingia ndani namkuta ameketi kitandani, uso mkavu, na najua analia kuliko mimi.

Wiki ya tatu au ya nne, Mama na Shangazi walikuwa wanamenya mihogo chini ya dirisha letu. Hawakuwa wakinong'ona. "Eda ikiisha itabidi arudi kwao," Mama alisema. "Umri wake bado mdogo," Shangazi akasema, "ataolewa tu." "Mimi simfukuzi. Lakini akae hapa na nani? Hakuachiwa hata mtoto." Visu viliendelea kukwaruza mihogo. Mama hakuwa mbaya, alisema lililokuwa kweli, na sauti yake ilikuwa imechoka. Rehema alikuwa ananyoosha mashuka. Akamaliza pembe aliyokuwa ameishika, akaketi, akaniuliza zimebaki siku ngapi. Nikamwambia hata nusu bado. Akainama akalitoa lile kopo.

"Wifi," akasema, "nikitoka humu sitoki na kitu. Nguo zimegawiwa. Picha ni moja na ni ya Mama, siwezi kuiomba. Nataka nijue kupika zile tambi tu. Nikijua, popote nitakapokuwa nitazipika, basi."

"Si umemwona akizipika mara mia?"

"Nimemwona. Nilikuwa namtazama yeye, sitazami sufuria." Akafungua kifuniko akanusa. "Tena ulimi wangu umelala. Tangu wamlete sionji kitu. Chumvi, sukari, yote sawasawa. Itabidi unionjee."

Hivyo ndivyo kazi yangu ilivyonirudia. Nakiri kwamba nilifurahi. Katika nyumba ile yenye msiba, nikiwa na kaka aliyekufa na mtihani niliofeli, kulikuwa na kitu kimoja ambacho mimi pekee nilikiweza, na aliyekihitaji alikuwa yule aliyeninyang'anya tonge. Mchana, wanaume wakiwa kazini na Mama amelala, tulipika jiko la nyuma. Yeye hakuweza kutoka, kwa hiyo mimi ndiye niliyekwenda sokoni kutafuta siki na matango, na kwa jirani kutafuta barafu. Mara ya kwanza, kwa mazoea, nilizikaanga tambi kwenye mafuta kabla sijafikiria. Ndivyo mkono wangu ulivyofundishwa, na nilishtuka harufu ya Idd ilipojaa jikoni. Rehema alikuja akaichungulia ile sufuria, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alicheka, kidogo, kwa pua. Tulizila hivyohivyo, tambi za kahawia zenye pilipili ya Kikorea, mbaya kabisa. "Bado," nilimwambia. "Hata mimi najua hiyo bado," akajibu.

Tulipima rojo kwa kijiko cha chai, maana lile kopo halikuwa na mwenzake. Kambi ilikuwa imehamia mbele, na hata kama tungejua ilipo, nani angekwenda kuomba. Tulipika mara moja kwa wiki, wakati mwingine mara mbili. Tulizichemsha mno zikawa uji. Tuliziosha kidogo zikashikana. Tuliweka ndimu badala ya siki, tukaweka ukwaju, tukaweka sukari nyingi, tukaweka sukari kidogo. Kila mara Rehema alichanganya kwa mkono, akakunja tonge, akaninyooshea, na kunitazama mdomo ninapotafuna. Aliniuliza neno moja tu: "Ndiyo?" Nami nilijibu kwa neno moja. Nilisema kweli. Kulikuwa na kitu kinapungua, upande wa utamu, na hatukujua ni nini. Yeye hakukasirika hata siku moja. Alizila zote ili zisitupwe, bila kuonja chochote, huku akitazama ukuta.

Katika majuma yale tulizoeana. Sitaki kusema tulipendana, kwa sababu nikisema hivyo nitakuwa najipendezesha. Lakini tulizungumza. Aliniambia kwamba kicheko cha Kassimu anakisikia vizuri, ila sauti yake ya kawaida, ya kuomba maji au kuuliza saa, imempotea kabisa, na anaogopa. Nilimwambia mimi naisikia. Akaniomba niiigize. Nikajaribu, ikatoka sauti ya Mama, tukacheka tena. Nilianza kuhesabu siku zilizobaki na kuona zinakwenda mbio. Alipokuja hakuna aliyeniuliza kama namtaka, na sasa alikuwa anaondoka bila mtu kuniuliza pia. Akishaondoka, ningebaki na Mama na daftari.

Mwezi wa kumi Tabora inaunguza. Barafu ilikuwa inayeyuka kabla sijavuka barabara. Zikiwa zimebaki siku mbili eda iishe, mama yake Rehema alifika kutoka Ulyankulu kumchukua, mama mwembamba, mpole, asiyejua akae wapi katika nyumba yetu. Alileta kuku wawili na chupa ya asali ya porini, nyeusi, yenye harufu ya moshi wa mzinga. Mchana ule Rehema alikwangua kopo mpaka kwenye pembe, akatia maji kidogo akalisuuza, ili isibaki hata chembe. Sukari ilikuwa imeisha ndani. Akachukua ile asali, akaimimina bila kupima, akachanganya, akakunja tonge.

Nilipolitia mdomoni nilijua kabla sijatafuna. Kichupa kile cha mfukoni kilikuwa cha asali. Bila shaka kilikuwa cha asali, Usinge yote ni warina asali, angepata wapi sukari porini kule. Kwanza ulikuja ule utamu wenye moshi, kisha siki ikakata, kisha pilipili ikaanza kupanda taratibu kutoka nyuma ya koo, na baridi juu yake. Ilikuwa yenyewe. Haikukaribia, ilikuwa yenyewe, kama mkono wa kaka ndio ulionilisha. Nilimwona ameinama bombani, maji yanamchuruzika viwikoni, na Mama na upawa wake.

"Ndiyo?" Rehema akauliza.

Nimejiuliza mara nyingi kama nilifikiri. Nilifikiri. Haikuwa ulimi kuteleza. Niliona kwamba nikisema ndiyo, atafunga mzigo wake akiwa na ile ladha, Kassimu mzima atakuwa amekwenda naye Ulyankulu, na mimi nitabaki bila hata kazi ya kuonja. Na upande mwingine, upumbavu mtupu, niliona kwamba nikisema bado huenda atakaa kidogo tujaribu tena. Nililitazama lile kopo jeupe ndani, safi, na bado nikawaza hivyo.

"Bado," nikasema. "Imekaribia, lakini bado."

Aliitikia kwa kichwa. Aliketi akala sahani nzima, tonge moja moja, polepole, na sikuweza kumtazama. Alikuwa anakula chakula cha mumewe na hajui. Alipomaliza aliosha sahani, akaliosha kopo, akalifuta kwa upindo wa ile nguo nyeupe. "Basi," akasema. "Labda kilikuwa chake mwenyewe, hakirithiki." Nilisubiri anilaumu au alie, ili nipate pa kuanzia. Hakufanya hivyo. Aliniambia, "Ahsante wifi, umenivumilia," na siku ya tatu, akiwa ameogeshwa na kuvishwa nguo mpya, akaondoka na mama yake, na lile kopo tupu likiwa juu ya mzigo.

Nilikuwa na nafasi nyingi za kusahihisha, na sitaki mtu adhani sikuwa nazo. Miaka mitatu baadaye alituma salamu kwamba ameolewa na mkulima wa tumbaku, amerudi kanisani. Ningeandika barua ya mstari mmoja: weka asali. Simu zilipokuja, alinipigia kila Idd, ingawa hazikuwa tena sikukuu zake, na kila mara nilimuuliza habari za mvua, nikamuuliza habari za watoto. Mama alipofariki alikuja Tabora, akakaa nami jikoni siku tatu akiosha vyombo vya msiba, na siku ya mwisho aliniuliza kwa utani, "Wifi, ile ilikosa nini, hujawahi kukumbuka?" Nikamwambia nimesahau. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto, ninasali sala tano. Nilijiambia ni kitu kidogo, tambi, watu wana makubwa. Lakini kama kilikuwa kidogo mbona sikuweza kukisema.

Jioni jua likiwa limeshuka, wageni wakapungua, Devota akaja kukaa kando yangu kwenye mkeka. Aliniambia kwamba kila mwaka joto likianza, mama yake alipika tambi za kuosha. Alitwanga pilipili zake mwenyewe, akazichachusha na unga wa mtama kwenye kopo moja jekundu la zamani ambalo hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuligusa. Alijaribu kila kitu: sukari guru, maembe, miwa, asali, akarudia sukari. Walipomwambia ni tamu, alitikisa kichwa akasema bado. "Baba alikuwa anamcheka," Devota akasema. "Tulimuuliza, sasa nani atajua zikiwa sawa? Akasema yuko mtu mmoja tu, wifi Asia, ana ulimi na hawezi kukudanganya. Alipozidiwa akaniagiza: akija, mpikie, umuulize."

Akanyanyuka akaingia ndani. Alirudi na sahani ya bati iliyofunikwa, na kopo lenyewe kwapani, maandishi yakiwa yamefutika yote. Akapiga magoti mbele yangu, akanawa, akachanganya kwa mkono. Wadogo zake wawili walikuja kusimama mlangoni. Akakunja tonge akaninyooshea, kwa mkono uleule wa mama yake, na nikafungua mdomo.

Zilikuwa baridi, kali, tamu. Nilitafuna polepole nikaitafuta ile siku ya Gongoni, nikatafuta moshi, nikatafuta siki, nikamtafuta kaka bombani. Ulimi haukuniletea chochote. Yawezekana zilikuwa zenyewe, yawezekana hazikufanana hata kidogo. Nilikuwa mtu wa mwisho duniani aliyeijua ile ladha, na katika miaka yote ya kuificha, nilikuwa nimeipoteza.

"Ndiyo?" Devota akauliza.

"Ndiyo," nikasema. "Ndizo zenyewe."

Akafunika uso kwa kiganja chenye pilipili, na wadogo zake wakaja kumshika. Nilimdanganya mama yao nikijua ninachofanya. Hawa sijui hata kama nimewadanganya.